Jina Limesahaulika, Siku Inakumbukwa

Mhadhara kuhusu kutafuta mafaili kwa tarehe, mbele ya watunza kumbukumbu na wanafunzi wa kompyuta



Nitaanza na bibi yangu mzaa mama. Alipoulizwa mjomba wetu alizaliwa lini, hakutaja mwaka. Alisema mtoto yule alikuja baada ya Azimio la Arusha na kabla ya vita vya Kagera, katika msimu ambao mvua za vuli zilichelewa. Karani anayejaza fomu asingeridhika na jibu hilo. Lakini bibi alikuwa ametoa mipaka miwili ya kweli, 1967 upande huu na 1978 upande ule, kisha ndani yake akaweka majira. Wengi wetu tunakumbuka hivyo hivyo. Jina tulilolipa faili saa kumi na moja jioni, huku tukiwahi daladala, halikai kichwani. Kinachokaa ni kwamba barua ile iliandikwa wiki ya mitihani, au siku mbili kabla ya mkaguzi kufika.

Kompyuta nayo inakumbuka siku. Kila faili lililomo ndani yake limepigwa mhuri wa wakati, na mhuri huo unaweza kuulizwa. Ninataka kuonyesha jinsi ya kuuliza kwa kuandika amri kwenye kibodi, na zaidi ya hapo, jinsi ya kujua jibu ulilopewa lina maana gani. Hili la pili ndilo lililonileta hapa. Nimewaona watu hodari wakipata jibu sahihi la swali ambalo hawakuwa wameliuliza.

Mtu atasema: mbona kwenye dirisha la folda ninabofya neno la tarehe na mafaili yanajipanga? Ni kweli, na kwa folda moja hiyo inatosha. Anayependa amri ataandika `ls -lt` na kuona yale mapya yakiwa juu. Lakini ofisi iliyofanya kazi miaka kumi haina folda moja. Ina folda ndani ya folda, mia kadhaa, kila karani na mpangilio wake. Kubofya moja moja kutakumalizia siku nzima. Unahitaji chombo kinachoingia kila chumba, kinachofungua kila kabati, na kurudi na orodha.

Chombo hicho kinaitwa `find`. Kiliandikwa katika miaka ya 1970 na Dick Haight wa Bell Labs, Marekani, mahali ulipozaliwa mfumo wa Unix. Alikiandika pamoja na kingine kinachoitwa `cpio`, viwili hivyo vifanye kazi kwa kushirikiana: kimoja kitafute mafaili, kingine kiyafungashe. Hadi leo `find` kipo kwenye kila kompyuta ya Linux, kila Mac, na kwenye seva nyingi zinazobeba tovuti na benki za data tunazozitumia kila siku. Swali lake jepesi kabisa la tarehe ni hili:

`find ~/Nyaraka -type f -mtime -7`

Maana yake: ingia folda ya Nyaraka na zote zilizo ndani yake, uniletee mafaili ambayo maandishi yake yalibadilishwa ndani ya siku saba zilizopita. Alama ya kutoa ni "chini ya", alama ya kujumlisha ni "zaidi ya", na namba isiyo na alama ni "hasa hiyo".

Hapa pana shimo la kwanza. Kwenye Linux chombo hiki hakihesabu siku kama tunavyozihesabu sisi. Kinachukua saa hii uliyobonyeza kitufe, kinarudi nyuma kwa mafungu ya saa 24, na vipande vinavyobaki kinavitupa. Faili lenye umri wa saa 47 kwake lina umri wa siku moja, si mbili kasoro. Kwa hiyo anayeandika `-mtime +1` akitarajia "yote yaliyozidi siku moja" atapata yale yaliyotimiza siku mbili kamili na kuendelea. Lililobadilishwa saa 30 zilizopita halitaonekana. Anayetaka hesabu ya kalenda, leo na jana kama binadamu wanavyosema, atangulize neno `-daystart` kabla ya `-mtime`. Anayetaka dakika atumie `-mmin`: `-mmin -60` italeta yaliyoguswa ndani ya saa moja iliyopita, nayo ni amri ya kumwokoa mtu aliyehifadhi kazi yake mahali asipopajua.

Sasa tuingie masjala, kwa sababu jambo zito la leo linaeleweka vizuri zaidi pale.

Barua inapofika ofisi ya serikali ina tarehe yake ya kuandikwa, ile iliyo juu kulia. Karani wa masjala anaipiga mhuri wa kupokelewa, anaiandika kwenye rejesta, anaipa namba ya folio. Baadaye afisa akiliazima jalada, inaandikwa siku lilipotoka. Mtu akikuuliza "barua hii ni ya lini?" karani mwenye uzoefu hamjibu papo hapo. Atamuuliza: unataka tarehe ya mwandishi, ya kwangu, au ya msomaji?

Faili la kompyuta lina tarehe hizo tatu. Ya kwanza inaitwa mtime, ni ya maandishi: mara ya mwisho yaliyomo yalipobadilishwa. Ya pili ni atime, ya msomaji: mara ya mwisho faili liliposomwa. Ya tatu ni ctime, na hii ndiyo inayowapoteza wengi. Watu wengi, wakiwemo walimu, wanadhani herufi ile ya kwanza inasimama badala ya kuumbwa kwa faili. Sivyo. Ctime ni rejesta ya karani. Inabadilika pale jambo lolote la faili linapobadilika: maandishi yake, mwenye mali, ruhusa za nani asome na nani asiguse, na kwa kawaida hata jina lake. Faili lililoandikwa mwaka 2015 ukalibadilishia ruhusa asubuhi ya leo, ctime yake ni leo. Anayetafuta "yaliyozaliwa wiki hii" kwa `-ctime -7` ataletewa wazee wamevaa mavazi ya watoto.

Tarehe ya kuzaliwa ipo kwenye mifumo mingi ya siku hizi. Kwenye Linux amri `stat` itakuonyesha pale inapohifadhiwa. Lakini nayo ni tarehe ya nakala hii, mahali hapa. Kwenye Windows ukinakili faili la zamani, nakala inabaki na tarehe yake ya zamani ya maandishi, ila inapewa tarehe mpya ya kuzaliwa, na unabaki na faili lililoandikwa kabla halijazaliwa. Tarehe zote mbili ni za kweli. Kila moja inashuhudia tukio lake.

Tarehe ya msomaji nayo isiaminiwe sana. Kuandika kila mara faili linaposomwa kulikuwa kunaichosha diski, na tangu mwaka 2009 Linux kwa kawaida huandika usomaji mpya tu ikiwa faili limebadilishwa tangu liliposomwa mara ya mwisho, au ikiwa saa 24 zimepita. Seva nyingine zimezima uandishi huo kabisa. Msimamizi asije akamwambia mtu "hujawahi kuifungua taarifa yangu" kwa kuitegemea atime peke yake.

Nimesema ctime inawapoteza wengi, lakini ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Mtime mtu yeyote mwenye faili anaweza kuibadilisha kwa amri ya kawaida, `touch`:

`touch -d "2015-03-10 09:00" mkataba.odt`

Sekunde moja tu, na mkataba ulioandikwa jana unadai ni wa Machi 2015. Ctime haina amri ya namna hiyo. Inaandikwa na kompyuta yenyewe, kwa saa yake, na ili kuighushi itabidi mtu aharibu saa ya mashine nzima au aingie ndani ya diski. Kwa hiyo mkaguzi anayeshuku anaweza kuuliza swali hili:

`find . -type f -mtime +365 -ctime -3`

Yaani: nionyeshe mafaili yanayodai maandishi yake yana zaidi ya mwaka, lakini rejesta ya karani inasema yameguswa ndani ya siku tatu hizi. Si kila litakaloonekana ni la hila. Lililonakiliwa kwa uaminifu litatokea, na lililobadilishwa jina pia. Lakini sasa mkaguzi anajua aulize nini na amwulize nani. Ningependa kila mwanafunzi wa uhasibu aijue amri hii kabla hajapewa cheti.

Turudi kwa bibi. Alipima kwa tukio, "baada ya hili na kabla ya lile", na `find` inaweza kupima hivyo hivyo bila kutaja tarehe hata moja:

`find ~/Nyaraka -type f -newer ripoti-ya-mkaguzi.pdf`

Nipe yote yaliyoandikwa baada ya ripoti ya mkaguzi. Ukiweka alama ya mshangao kabla ya `-newer`, swali linageuka: nipe yale ambayo hayakuja baada yake. Kwa mafaili mawili unayoyajua, moja la mwanzo na moja la mwisho, unaweza kuzungushia uzio kipindi chochote. Fundi anayetunza nakala za akiba hufanya hivyo kila usiku: anaunda faili tupu la alama kwa `touch`, na usiku unaofuata ananakili tu yale yaliyo mapya kuliko alama ile. Neno moja kwake: alama iwekwe kabla ya kuanza kunakili, si baada ya kumaliza. Ukiiweka mwishoni, faili lililobadilishwa katikati ya zoezi litakuwa na tarehe ya nyuma ya alama, na halitanakiliwa kesho wala keshokutwa.

Mwenye tarehe kamili atumie `-newermt`. Kwa sisi ambao mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, amri ya kuukusanya mwaka mzima ni hii:

`find ~/Malipo -type f -newermt "2024-07-01" ! -newermt "2025-07-01"`

Andikeni tarehe kama nilivyoiandika, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku. Hayo si mapambo. Ukiandika 03/04/2024, wewe uliyesoma Mombasa au Morogoro una maana ya tarehe tatu Aprili. Chombo cha Linux kitasoma kwa desturi ya Kimarekani, Machi 4, kikuletee orodha safi ya mwezi mwingine, na wala hakitakuonya.

Na mpaka wenyewe, ile saa sita usiku ya kuamkia Julai 1, ni saa sita ya wapi? Ndani ya mashine tarehe haikuandikwa kama tarehe. Ni hesabu ya sekunde tangu Januari 1, 1970, saa za Greenwich, na siku moja ni sekunde 86,400. Hesabu hiyo ni moja dunia nzima. Tofauti inaingia pale inapogeuzwa kuwa siku na saa kwa ajili ya macho yetu: Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tuko saa tatu mbele ya Greenwich, Lubumbashi na Kigali saa mbili, Muscat saa nne. Seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye saa za Greenwich zenyewe. Ankara iliyohifadhiwa saa nane usiku wa kuamkia Julai 1 hapa kwetu, kwenye seva hiyo ilihifadhiwa Juni 30 saa tano usiku. Imerudi mwaka wa fedha uliopita! Dawa yake ni kuitajia amri saa za nyumbani mwanzoni:

`TZ=Africa/Dar_es_Salaam find ~/Malipo -type f -newermt "2024-07-01"`

Sisi tuna mpaka mwingine zaidi. Siku ya Mswahili inaanza jua likizama, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Mzee akikwambia aliandika wasia wake usiku wa Ijumaa, huenda ana maana ya usiku ambao kalenda ya kompyuta inauita Alhamisi. Unapomtafutia mtu faili kwa kumbukumbu yake ya mdomo, panua uzio siku moja kila upande. Haigharimu chochote.

Kuhusu 1970, mkikuta faili lenye tarehe Januari 1, 1970, saa tisa usiku, msishangae wala msilitangaze kuwa la kale. Ni sifuri iliyosomwa kwa saa za Afrika Mashariki, yaani tarehe haikuandikwa, au mashine ilikuwa imepoteza saa yake. Kompyuta ndogo zisizo na betri ya saa hupotea hivyo kila umeme unapokatika, mpaka zipate mtandao. Na mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kwa biti 32 itafika kikomo Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Wenye mitambo ya zamani waanze kuulizia sasa.

Windows ina njia yake, na kwenye PowerShell wazo ni lile lile:

`Get-ChildItem -Recurse -File | Where-Object LastWriteTime -gt "2024-07-01"`

Sitakaa hapo. Nataka muda uliobaki niutumie kwa mambo mawili ambayo yanaharibu.

La kwanza ni kufuta. `find` inaweza kufuta inachokipata, kwa neno `-delete`, na wengi huitumia kuondoa mafaili ya muda yaliyopitwa na siku 90. Neno hilo liwe la mwisho kwenye mstari. Amri inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitanguliza `-delete` kabla ya `-mtime +90`, itafuta kwanza na kuuliza umri baadaye, na folda nzima itaondoka. Endesheni kwanza amri bila neno hilo, someni orodha yote kwa macho, ndipo mliongeze.

La pili ni la kwangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuhamisha mafaili ya ofisi moja kutoka seva kuukuu kwenda mpya. Nilifanya kazi usiku wa Jumamosi, kwa amri ya kunakili, `cp -r`. Asubuhi nikahesabu: idadi imetimia, kila faili linafunguka. Seva kuukuu ikafutwa, ikauzwa. Baada ya wiki mbili mwanasheria wa ofisi akaja na rasimu nne za mkataba mmoja, akataka kujua ipi ilitangulia, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa unadai kifungu fulani kiliongezwa baadaye. Nikaandika amri yangu kwa uhakika. Rasimu zote nne zilikuwa na tarehe moja, ya usiku ule wa Jumamosi. Kumbe na yale mengine yote, ya miaka kumi na moja. Maneno yalibaki yote. Ushahidi wa lini yaliandikwa niliufuta mimi, na hakuna mahali pa kuurudisha.

Herufi moja ingeuokoa ushahidi huo. `cp -a` hubeba tarehe za maandishi pamoja na mafaili; `cp -p` pia, na `rsync -a` kati ya seva na seva. Kufungasha kwa `tar` na kufungua upande wa pili kunazihifadhi vilevile. Lakini msitegemee tarehe za mafaili yaliyoshushwa kwa `git`, chombo cha kutunza matoleo ya kazi, maana chenyewe huyapa saa ya kushushwa, na historia ya kweli inakaa ndani ya kumbukumbu za chombo hicho. Wala msizitegemee sana za flashi: iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 huandika saa bila kutaja ni saa za nchi gani, tena kwa hatua za sekunde mbili mbili.

Kwa hiyo nina ombi kwenu mnaotunza kumbukumbu, na kwenu mtakaoajiriwa kesho kuzihamisha. Kabla ya kuhamisha, na tena baada ya kuhamisha, andikeni mstari huu kwenye seva zote mbili:

`find . -type f -printf '%TY\n' | sort | uniq -c`

Mstari huo utahesabu mafaili mwaka kwa mwaka: mangapi ya 2013, mangapi ya 2014, hadi leo. Unafanya kazi kwenye Linux, na kwa folda za kawaida hauchukui muda mrefu. Wekeni orodha mbili pembeni, mzilinganishe. Mkiona upande mpya miaka yote imekusanyika kwenye mwaka mmoja, simamisheni kazi, na msimruhusu mtu yeyote, hata akiwa mkurugenzi, aifute seva ya zamani.